Kifuniko Kilichosubiwa Kindu

Kisangani, 4 Februari 1956

Tonton Cyprien,

Pokea salamu zetu wote, wewe, Tantine Marthe na Germaine. Huku tuko wazima. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua tangu Noeli, lakini bado anaamka kabla yetu na kutukemea tukichelewa. Adèle alijifungua tarehe 11 Januari, mtoto wa kike, tumemwita Angélique. Najua ningekuandikia mapema. Usinikasirikie kabla hujafika chini ya ukurasa.

Unajua bado niko kwenye garaji ya Musyu Édouard, yule mnunuzi wa kahawa. Ana gari ya Kimarekani ya silinda sita, na tarehe 21 Julai kutakuwa na mashindano, kutoka daraja la Tshopo mpaka kilomita ya ishirini na tano kwenye barabara ya Buta. Yeye, patron wangu, anataka kushinda, na injini ni kazi yangu. Nimebadilisha shafti inayoinua valvu, nimeweka nyingine inayozifungua zaidi. Nguvu imeongezeka mpaka gari inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

Lakini sasa vile vyuma vidogo vinavyobonyeza valvu vinapanda juu mno na kugonga kifuniko. Kifuniko cha kiwandani ni bati tu, chembamba na kifupi. Nikiwasha gari, mtaa mzima unasikia kama mtu anapiga sufuria, na mafuta yanachuruzika pembeni. Patron amefungua katalogi ya Ulaya na kunionyesha kifuniko cha alumini, kirefu, chenye mapezi ya kupoza. Kikiagizwa leo kitafika Matadi sijui lini, kisha mto wote huu, kwetu labda Septemba. Nilimwambia tonton wangu ni msubi huko Kindu, anayeyusha madini na kusubu vipuri vya garimoshi kila siku, kifuniko kama hiki kwake ni mchezo. Akanitazama kama nimemwambia kuku wangu anataga mayai ya shaba. Akasema, "Bon, tutaona."

Nataka aone, Tonton. Miaka sita ananiita "boyi wa tupa" mbele ya wateja, na injini zake zote natengeneza mimi. Nakuomba unisubie kifuniko hicho. Vipimo nimeandika nyuma ya ukurasa huu, vyote kamili, usiwe na shaka navyo.

Mpwa wako,
Lambert


Kindu, 27 Februari 1956

Kwa mpwa wangu Lambert,

Salamu zimefika na mtoto tumempokea kwa furaha. Mshukuru Adèle kwa niaba yetu. Mwambie dada yangu Safi akande miguu kwa maji ya moto na chumvi, na aache kuchota maji mtoni. Kama nyumba hiyo ina mwanamume, huyo mwanamume akachote. Marthe anakohoa lakini anapika. Anayeandika ni Germaine, kwa sababu mkono wangu wa kulia uliungua kidogo kazini. Si kitu.

Sasa nikuulize. Barua yako kabla ya hii ilikuwa ya lini? Germaine ameitafuta sandukuni. Ni ya Novemba 1954. Mwaka na miezi mitatu, mtoto amezaliwa, na mimi napata habari kwa sababu gari ya mzungu inapiga kelele. Kama injini hiyo ingekuwa kimya, ningejua lini kwamba nina mjukuu?

Miaka tisa ulikaa kwangu. Nilikufundisha mchanga, jinsi ya kuulowesha, jinsi ya kuushindilia bila kuua kalibu, lile umbo linalomiminiwa. Siku uliyoondoka ulisema mbele ya Marthe kwamba mchanga unachafua nguo na wewe unataka kazi ya mtu safi. Leo naona mchanga umetakata.

Kuhusu kifuniko, nikupe shauri ambalo hukuliomba. Acha kile cha kiwandani. Waliokitengeneza ndio waliotengeneza injini, wanajua kwa nini ni bati: chepesi, kinajibana vizuri, kikipata joto hakigombani na chuma kilicho chini yake. Tatizo lako ni urefu tu. Kata fremu ya alumini, unene sentimita mbili, iweke chini yake, gasketi juu na gasketi chini, umemaliza. Kazi ya siku moja. Lakini fremu haionekani, na wewe unataka kitu ambacho patron wako akifungua kapo, boneti ya gari, kitampiga machoni. Haya. Nitasubu. Sikufanyii wewe, namfanyia huyo aliyesema "tutaona."

Mjomba wako,
Cyprien Kasongo


Kisangani, 19 Machi 1956

Tonton,

Salamu kwa wote. Miguu ya Mama imepata nafuu, anashukuru kwa shauri la chumvi. Angélique anacheka sasa.

Kifuniko kilifika Jumanne. Nilikwenda mwenyewe gare ya Lubunga, kituo cha treni, kukipokea na kuvuka nacho mtumbwini kikiwa mapajani kwangu, nisije nikampa mtu akakiangusha. Ni kizuri, sikatai. Nilikifungua garajini mbele ya patron na wateja wake wawili, nikakiweka juu ya injini.

Hakiingii. Kimezidi milimita tisa. Bolti ya kwanza inakaa, ya mwisho inatazama hewa. Patron alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Weye Lambert, noko yako alipima motokari ya mutu mwingine." Kisha akaacha kucheka. "Sikia. Hii kazi ya Kindu sitaki kuiona tena ku motokari yangu. Umesikia?" Wale wateja walicheka naye. Nilisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Nimepima upya, maana nilidhani labda nimekosea mimi. Kichwa cha injini ni milimita mia saba kamili. Nilikuandikia mia saba na tisa, kwa sababu alumini ikipoa hunywea, milimita kumi na tatu kwa kila mita, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Hesabu nilikutayarishia. Ungefuata karatasi tu, basi. Sijui ulitazama nini. Labda umri umefika, Tonton, na kama umefika ungeniambia, nisingekwenda kuaibika mbele ya watu. Na mkono ulioungua kidogo, mbona hata karatasi uliyoweka na kifuniko ni mwandiko wa Germaine?

Lambert


Kindu, 9 Aprili 1956

Lambert,

Tumesalimika. Marthe amepona kikohozi. Salimia Safi na Adèle.

Uliongeza tisa. Na mimi niliongeza tisa. Ndiyo maana kimezidi tisa. Germaine amekuja kuelewa kabla sijamaliza kumsomesha barua yako mara ya pili, na yeye hajawahi kushika mchanga.

Nani alikutuma kuongeza? Mtu akija kwa msubi anampa vipimo vya kitu chenyewe, kikiwa baridi, kama kitakavyokaa. Kuongeza ni kazi ya msubi. Rula yangu imeongezwa tayari, mistari yake imepanuliwa, umeiona miaka tisa imening'inia ukutani, na siku moja nilikuchapa kwa sababu uliichukua kupimia kitanda. Wewe ulitaka nione kwamba hujasahau. Ungeandika neno moja tu: nimeongeza. Hukuandika kwa sababu ulitaka nigundue mwenyewe nikusifu. Na mimi sikukuuliza, kwa sababu sikufikiri kwamba mtu aliyeukimbia mchanga bado anakumbuka kumi na tatu kwa mita. Hilo ndilo kosa langu, na sina lingine.

Umeandika neno "umri." Msomee mama yako barua uliyoniandikia, kwa sauti, halafu nijulishe alikwambia nini.

Nimesubu kingine. Usiulize nilipata wapi nafasi. Kinakuja na boti hii, mia saba kamili. Lile swali la mwandiko sitalijibu.

Jambo moja ulisikilize. Unajua kila msubi ana alama yake, na kwamba tunaiweka ndani ya kitu, upande usioonekana, ili likitokea kosa ijulikane ni nani wa kulaumiwa. Miaka ishirini na minane alama yangu imekaa gizani kwenye mafuta na moshi. Safari hii nimeiweka nje. Iko juu, nyuma, upande wa kulia: C.K. ndani ya duara. Iache hapo.

Cyprien Kasongo

Kaka Lambert, Baba hajui kwamba naongeza hili. Mkono wake haujaungua. Germaine.


Kisangani, 14 Mei 1956

Tonton mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua imepungua, Adèle amerudi sokoni na mtoto mgongoni.

Kifuniko kimekaa barabara. Bolti zote zimeingia kama zimezaliwa humo. Nimeijaribu gari mpaka ng'ambo ya daraja na kurudi, hakuna kelele, hakuna hata tone la mafuta. Patron ameridhika kabisa. Wazungu wengine wanakuja kuitazama.

Nakutumia kitambaa cha suruali, na cha gauni kwa ajili ya Tantine. Nisamehe kwa ufupi, kazi ni nyingi kabla ya mashindano.

Lambert


Kindu, 10 Juni 1956

Lambert,

Vitambaa vimefika. Marthe amevikunja na kuviweka. Hatujavishona.

Asumani, yule mfanyabiashara wa samaki wa jirani yetu, alikuwa Kisangani wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimemwomba apite garajini kwako atazame kazi yangu aje anisimulie. Akarudi na furaha, maskini, alidhani ananiletea zawadi. Anasema gari ilikuwa nje, kapo wazi, wazungu wanne wameizunguka, na patron wako akiwaambia kwamba kifuniko hicho ameletewa kutoka Ulaya. Asumani hakuelewa Kifaransa chote, lakini "Europe" aliisikia, na mkono wa patron ulikuwa juu ya kazi yangu. Akatafuta alama, kwa sababu nilimwelekeza mahali ilipo. Hakuikuta. Aliona mahali palipong'aa zaidi ya pengine, pamepigwa tupa.

Na wewe ulikuwepo. Asumani anasema ulikuwa umesimama pembeni unafuta spana, ukamwona, ukamsalimu kwa kichwa, ukaendelea kufuta.

Sasa nitakuambia niliyoyanyamazia, si kwa kutaka huruma yako, bali ujue ni kitu gani ulichokwangua. Macho yangu yanakwisha. Ni moto ule, miaka yote ile kuutazama. Naona mwanga na vivuli, sura ya mtu siioni mpaka aseme. Karakana iliniondoa tarehe mosi Machi, baada tu ya kusubu kifuniko chako cha kwanza. Cha pili nilikisubu Jumamosi mchana, wenzangu wakiwa wamemwomba msimamizi aniachie pembe moja ya karakana. Kalibu niliitengeneza kwa vidole. Kila pezi nililipapasa kwenye mchanga, moja moja, mara tatu. Mwenzangu Hubert alimimina kwa sababu mimi nisingeuona mdomo wa kalibu. Nilipomaliza kuchora C.K. kwa msumari waliweka vyombo vyao chini wote, kwa sababu walijua hakitakuwepo kingine.

Ndicho kitu ulichopiga tupa.

Nataka mambo mawili na utachagua moja. Mwambie huyo mzungu, mbele ya watu aliowaambia uongo, ni nani aliyekisubu. Au rudisha bati la kiwandani mahali pake uniletee kilicho changu. Hukukinunua, naye hakukinunua. Mpaka hapo usiniandikie habari za mvua.

Cyprien Kasongo


Kisangani, 28 Juni 1956

Tonton,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nakasirika upya, mara kwako, mara kwangu, mara kwa wote.

Kwa nini hukuniambia? Barua ya Februari ungeandika mstari mmoja, macho yanakwisha, nami nisingethubutu kuandika lile neno la umri. Ulikubali nikutukane kuliko nijue. Germaine alinidokeza, na ni kweli sikumwuliza, nalo hilo ni baya langu. Lakini umenifanya nimtukane kipofu bila kujua, halafu unanidai aibu. Aibu ninayo, Tonton, huna haja ya kuidai.

Sasa nikuambie na lako usilolijua. Asumani alikosea jambo moja. Uongo si wa patron. Ni wangu. Alikuwa amekataza kazi ya Kindu kwenye gari yake, ulisoma mwenyewe. Kifuniko chako cha pili kilipofika nilikaa nacho siku mbili nyumbani, Adèle akikizungushia ndoo na mafagio kisionekane. Nilijua akiona C.K. atakitupa nje bila kukipima. Nikachukua tupa yangu, nikakaa kwenye kizingiti, nikaiondoa herufi ya K kwanza, kisha C, kisha duara. Halafu nikampelekea nikasema nimekipata kwa Mbelgiji mmoja anayerudi Ulaya. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeniamuru. Nilifikiri, kikishakaa na gari ikashinda, ndipo nitamwambia. Halafu wakaanza kuja kukitazama, na kila siku kumwambia kukawa kugumu zaidi ya jana.

Unasema nichague. Kwako ni rahisi. Mimi nina mke, mtoto wa miezi mitano, na mama yangu ambaye ni dada yako. Nikimwaibisha patron mbele ya wenzake, kesho niko barabarani, na hakuna garaji mjini hapa itakayonichukua baada ya hapo. Unataka nini hasa? Jina lako, au mimi nile mchanga?

Mama nimemsomea barua zote, zako na zangu, kwa sauti kama ulivyoagiza. Tangu siku hiyo anakula akiwa amenipa mgongo.

Lambert


Kisangani, 25 Julai 1956

Tonton,

Hukujibu. Treni tatu zimeleta barua za kwenu na kila moja nimekwenda kuuliza.

Nakuandikia bila ruhusa yako, na sitakuandikia habari za mvua.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, walikuja watu kama kumi garajini, na bibi zao. Patron akafungua kapo. Akaanza tena, Ulaya, aloi ya pekee, ndege na meli. Nilikuwa nimelala chini ya gari naangalia breki. Nikatoka. Nikasema kwa Kifaransa, taratibu, nisije nikakosea: kifuniko hiki hakikutoka Ulaya, kimesubiwa Kindu na mjomba wangu, Cyprien Kasongo, na alama yake niliikwangua mimi kwa tupa yangu.

Bibi mmoja alicheka akidhani ni utani. Patron hakucheka. Alinishika kiwiko tukaenda nyuma, penye matairi, akaniambia kwa Kiswahili ili wenzake wasisikie: "Weye unawaza mimi sikujua? Nilijua tangu siku ya kwanza. Ile fasi ulikwangula iko inaonekana mbele ya macho. Na Mbelgiji gani anauza kitu kama hii? Alors, weye unanyamaza, miye nanyamaza, motokari inakimbia. Iko mubaya wapi?"

Alijua, Tonton. Miezi miwili nimeogopa asijue, na yeye alijua. Uongo wangu ulimfaa kuliko ulivyonifaa mimi. Kama angenipiga ningevumilia. Nilimwambia, "Patron, hii kitu iko ya tonton yangu, na anaitaka." Nikarudi kwenye gari, mbele ya wote wale, nikafungua bolti, moja baada ya nyingine, na kila mmoja akinitazama. Hakunizuia, labda kwa sababu ya wale bibi.

Lakini sikutaka aseme nimemharibia gari. Nikakata fremu ya alumini, sentimita mbili, kama ulivyoniandikia Februari, gasketi juu na chini, nikarudisha bati la kiwandani. Ilinichukua mchana huo tu. Haikugonga, haikuvuja. Jumamosi gari ilishika nafasi ya pili, na iliyoshinda ilikuwa mpya kabisa, hakuna ambaye angeishinda. Maana yake kifuniko chako hakikuhitajika hata siku moja. Ulikuwa umeniambia, na mimi nilitaka kitu cha kuonekana.

Jumatatu nilikuta nguo zangu za kazi zimefungwa kwenye kifurushi mlangoni. Nimepita garaji tatu. Habari imeshatangulia.

Kifuniko kiko ndani ya kikapu, Asumani atakileta. Mama amepika wali akanipa sahani mkononi. Ni kitu cha kwanza amenipa tangu Juni.

Lambert


Kindu, 16 Agosti 1956

Kwa mpwa wangu Lambert,

Pokea salamu za nyumba hii. Marthe anakusalimu, ameshona lile gauni na amelivaa Jumapili. Mwambie Safi kwamba nimesikia habari ya wali.

Kifuniko kimefika. Asumani alikiweka magotini kwangu nikakipapasa chote, mapezi yote, kumi na manne, hakuna lililopasuka. Kisha nikafika nyuma, upande wa kulia. Umepiga tupa vizuri, Lambert. Laini, bila mkwaruzo, kingo zimefichwa kama fundi anavyopaswa kuzificha. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Ungeparura ovyo ningesema mkono ulitetemeka. Nilimwomba Germaine nyundo, akakataa, nikaitafuta mwenyewe. Nimekivunja vipande vitano. Usisikitike kwa ajili yake wala usije na maneno ya kusikitika.

Umepoteza kazi. Sitakushukuru. Ungesema Mei ningekushukuru, ulisema Julai, na kati ya Mei na Julai kuna watu wengi waliotazama kazi yangu wakaisifia Ulaya. Hao sitawapata tena. Lakini jina langu ulilitamka lote, na kwa Kifaransa chao, na Asumani amelisikia kwa wengine mjini. Hilo nimelipokea.

Sikukujibu Julai kwa sababu kila nilichomwambia Germaine aandike alikataa kukiandika.

Sasa sikiliza. Hubert ameacha karakana. Amechimba tanuri uani kwetu, na tunasubu masufuria na vyuma vya mitumbwi. Mchanga wangu ni ule ule. Lakini Hubert ni mtu wa kumimina, hajui kalibu, na mimi najua kalibu lakini siwezi kuona rangi ya alumini inapokuwa tayari. Mara mbili tumemimina ikiwa baridi na kazi yote ikaharibika. Tunahitaji mtu anayeona, aliyefundishwa na mimi, anayejua kumi na tatu kwa mita na anayejua pia asiongeze bila kuambiwa. Mtu huyo namjua mmoja tu na bado nimemkasirikia. Njoo na Adèle na mtoto na dada yangu. Vyumba viwili viko tayari, Marthe amepaka chokaa.

Boti huingia hapa kila Alhamisi, niandikie utapanda ipi. Nitakuwa bandarini na Germaine. Wewe utaniona, mimi sitakuona. Kwa hiyo usije ukashuka kimya ukanishika mkono na kusema tonton, tumefika. Sitaki. Najua mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina, na wewe hujawahi. Siku hiyo nakuamuru uniite. Usishuke kwanza. Simama juu kwenye boti, penye ubao wa kushukia, watu wakiwa wamejaa chini, weusi na weupe, wapagazi, makarani, kila aliyepo. Ita Cyprien Kasongo, msubi. Ita kwa sauti mpaka wageuke. Nikikusikia nitanyoosha mkono uje. Nisipokusikia, nitamwambia Germaine anirudishe nyumbani.

Germaine ameshika karatasi, lakini jina hili chini nimeliandika mimi, kwa mkono wangu.

Cyprien Kasongo